Acheni kuchuja juisi ya sukuma wiki

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuzungumzie juisi ya kijani, hii ya sukuma wiki na matunda ambayo siku hizi inatengenezwa majumbani, inauzwa vibandani, na maelekezo yake yanazunguka kwenye simu kwa mistari mitatu tu: weka majani, weka matunda na maji, saga, chuja, kunywa. Ugomvi wetu uko kwenye neno moja humo: chuja.

Anayechuja hafanyi hivyo kwa kupenda. Kinywaji kimetoka na vipande vya majani vinavyonasa kwenye meno na kukwaruza koo, basi anakimbilia chujio. Vipande vile vimebaki kwa sababu majani yaliingia kwenye blenda wakati mmoja na kila kitu kingine, hayakupata nafasi ya kusagika. Akishachuja, nyuzinyuzi nyingi zinabaki juu ya wavu pamoja na sehemu kubwa ya ukijani wenyewe, na kinachoshuka chini ni maji ya matunda yenye harufu ya sukuma. Kwa kuwa sasa ni chepesi na kina ukali wa majani, anaongeza nanasi, anaongeza asali. Glasi ileile iliyokusudiwa kuwa mboga inageuka kuwa sukari.

Hesabu yake si ngumu. Nanasi lina takriban gramu 10 za sukari kwa kila gramu 100 za nyama yake, ndizi mbivu gramu 12, embe karibu 14. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaiweka sukari iliyomo kwenye juisi ya matunda kundi moja na asali na sukari ya kuweka kwenye chai, na linashauri zote kwa pamoja zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu anayekula kilokalori 2,000. Nusu lita ya juisi halisi ya nanasi, bila kuongezwa hata kijiko cha sukari, inafika hapo.

Juisi nzito isiyochujwa, ile ambayo vijana wanaiita smuthi, haihitaji mashine ya bei kubwa. Inahitaji mpangilio. Vipimo tunavyovitaja hapa ni vya glasi mbili: maji baridi ya kunywa mililita 250, majani ya sukuma gramu 60 yakiwa yameshatolewa vikonyo, ndizi mbivu moja ya wastani, nyama ya nanasi gramu 150, kipande cha tangawizi kinacholingana na ncha ya kidole gumba, na kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu. Kwa vipimo hivyo kila glasi inabeba sukari ya matunda gramu 13 au 14, na nyuzinyuzi zake zote zimo. Asiye na mizani achukue majani manne yenye ukubwa wa mkono uliokunjuliwa pamoja na vidole vyake. Yakishatolewa mshipa mnene wa katikati hukaribia gramu 60.

Majani yenyewe yachaguliwe machanga, yale yanayovunjika kwa mlio ukiyakunja. Jani kubwa la chini ya mche ni gumu na chungu, na hilo mahali pake ni kwenye sufuria na kitunguu. Sukuma ya milimani iliyokua kwenye baridi huwa tamu zaidi kidogo kuliko iliyokulia kwenye jua kali, na anayeanza kuzoea juisi hii ataiona tofauti hiyo mara moja. Wala hakuna haja ya kutafuta ile ya majani yaliyojikunja inayouzwa kwenye maduka makubwa kwa bei ya juu. Ni ndugu wa sukuma wetu, zote ni ukoo mmoja na kabichi, na kwa mlaji tofauti kubwa iko kwenye umbo la jani. Chainizi nayo inafaa. Ni laini, ladha yake nyepesi, ila rangi yake ni hafifu.

Kuosha ni jambo ambalo maelekezo ya simu hayaligusi kabisa, na hapa ndipo mtu anapoweza kuumia. Mboga ya kupika husamehewa na moto. Mboga ya kusaga mbichi haina wa kuisamehe, na bustani nyingi za mijini zinamwagiliwa maji ya mto au mfereji ambao hakuna anayejua umepita wapi. Tenganisha majani, osha kila moja pande zote mbili chini ya maji yanayotiririka, kisha yaloweke dakika 10 kwenye maji ya chumvi ili vidukari na viwavi waachie, halafu suuza tena. Chumvi hufukuza wadudu lakini haiui vijidudu vya homa ya matumbo wala vya kipindupindu.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza majani yachovywe kwenye maji yanayochemka. Chemsha lita mbili za maji, tumbukiza majani yasiyozidi gramu 200, na maji yakirudi kuchemka hesabu dakika moja, yaopoe na uyatie kwenye maji baridi yaliyokwishachemshwa. Maji hayo ya kupozea yawe ya kunywa, maana ukipozea maji ya bomba yasiyoaminika umerudisha ulichokitoa. Watu wanaogopa kwamba moto utaondoa vitamini C. Ni kweli itapungua, lakini matunda yanairudisha: pera lina zaidi ya miligramu 200 kwa gramu 100, mara nne ya chungwa. Na faida unazopata kwa dakika ile moja ni kubwa. Jani linalainika na blenda ndogo inaliweza. Hewa iliyomo ndani ya jani inatoka, rangi inang'aa. Ukali nao unapungua, kwa kuwa ukali wa sukuma mbichi, ule unaofanana na haradali, huzaliwa pale jani linapopasuka na kimeng'enya, yaani kichocheo kilichomo ndani ya jani, kikakutana na viini ambavyo jani zima lilikuwa limevitenga. Ndiyo maana juisi ya majani mabichi iliyokaa saa moja hunuka kabichi kuliko ilivyokuwa ilipotoka kwenye blenda. Moto unakizima kile kimeng'enya kabla kazi haijaanza.

Tukija kwenye kusaga. Blenda nyingi za nyumbani zina nguvu ya wati 300 hadi 500, na hizo zinatosha endapo utazisaidia. Toa vikonyo na mishipa ya katikati, maana hiyo ndiyo inayoacha nyuzi ndefu (viweke kwa ajili ya supu, visitupwe). Katakata majani membamba kama ya kupika. Mimina maji kwanza, yote, halafu majani na tangawizi peke yake. Saga nusu dakika kwa kasi ndogo, kisha dakika moja kwa kasi kubwa. Zima, ipumzike dakika moja, saga tena nusu dakika. Chukua tone kwenye kijiko ulisugue kati ya vidole: ukisikia vipande, bado. Ikiwa laini kama rangi ya maji ya kuchorea, ndipo ndizi na nanasi viingie kwa nusu dakika nyingine, na ndimu mwishoni kabisa.

Mpangilio huu una sababu. Visu vya blenda vinahitaji kitu cha majimaji cha kuzungusha. Majani yakitangulia hukwama kwenye kuta za jagi, na visu vinabaki vinazunguka kwenye shimo la hewa. Utaujua mlio wake, unakuwa mwembamba na wa kasi kama mashine isiyo na mzigo. Zima, chomoa waya, sukuma majani chini kwa mwiko, ongeza vijiko viwili vya maji. Ndizi ikiingia mapema nayo inaleta shida ya upande wa pili: mchanganyiko unakuwa mzito, vipande vya majani vinaelea ndani ya uzito huo na kukwepa visu. Unasaga dakika tano na bado vipo, mota inapata moto, harufu ya kuungua inatoka. Hapo watu huilaumu blenda, na chujio linatafutwa. Jagi pia lisijazwe zaidi ya theluthi mbili, na majani yaliyochovywa yapoe kabisa kabla ya kusagwa, kwa kuwa mvuke huinua mfuniko na kukumwagia usoni.

Barafu nzima usiipe blenda ndogo, itavunja meno ya visu au kumaliza ile raba ya kiungo chini ya jagi. Anayetaka ubaridi akate ndizi vipande, avigandishe usiku, avitie badala ya barafu. Kinywaji kinakuwa baridi na kizito kwa mara moja, bila kuongezewa maji.

Kuna matunda yanayoharibu kazi yote hii kwa uzembe mdogo. Ndizi ambayo bado ina kijani kwenye ncha huacha ugwadu na ladha ya unga. Subiri ganda liwe na madoa. Chungwa limenywe, ngozi nyeupe itolewe, na kila mbegu itafutwe, kwani mbegu za chungwa na ndimu zikisagwa hutoa uchungu ambao hakuna utamu utakaouficha. Moyo wa nanasi ukatwe vipande vidogo sana au uachwe. Mbegu za papai ni kali kama pilipili manga. Na pasheni na mapera ndiyo mahali pekee tunapolikubali chujio: saga mapera peke yake na maji kidogo, au koroga nyama ya pasheni kwa kijiko juu ya wavu, chuja mbegu, kisha urojo wake ndio uende kwenye majani. Chujio lifanye kazi kwenye mbegu, majani liyaachie.

Kuhusu maziwa na mtindi. Nanasi na papai visivyopikwa vina vimeng'enya vinavyovunja protini. Ukivichanganya na maziwa ukanywa papo hapo hakuna neno, lakini ukiacha nusu saa maziwa yanakatika na uchungu unaingia. Anayetaka maziwa atumie embe au ndizi. Tunachokipenda zaidi ya maziwa ni robo ya parachichi, au kijiko cha chakula cha karanga zilizosagwa. Sukuma ina viini vya vitamini A na vitamini K ambavyo mwili hauvichukui vizuri pasipo mafuta, na juisi ya majani na matunda matupu karibu haina mafuta. Parachichi pia linashikilia kinywaji kisijitenge maji chini na makapi juu. Nacho kikijitenga hakijaharibika, koroga tu. Povu likizidi kiache kitulie dakika tano. Ni hewa iliyopigwa ndani kwa kasi kubwa.

Rangi ya tope inatokana na mambo mawili tofauti, na tiba zake hazifanani. La kwanza ni kuchanganya kijani na chekundu: papai, bitiruti au tikiti maji pamoja na sukuma vitatoa kahawia siku zote, hata juisi ikiwa safi na nzuri. La pili ni tindikali. Maji ya ndimu huzuia ndizi na parachichi kuwa nyeusi, lakini taratibu yanaondoa magnesiamu kwenye ule ukijani wa jani, nao unafifia kuelekea rangi ya zeituni. Baridi inachelewesha hilo, joto linaliharakisha. Kwa hiyo ndimu iwekwe karibu na kunywa, na anayetengeneza leo kwa ajili ya kesho asubuhi aiache ndimu hadi kesho.

Ingawa kusema kweli hatupendi ya kesho. Juisi hii inywewe saa ileile. Ikibidi kuhifadhi, jaza chupa safi mpaka juu ili hewa isibaki, funga, weka kwenye friji lenye nyuzi 4 za Selsiasi au chini, na isipite saa 24. Juu ya meza, kwenye joto la Pwani, saa mbili ni nyingi. Majani yana naitreti, na bakteria wakipata joto na muda huigeuza kuwa kitu kinachoweza kuzuia damu ya mtoto mchanga isibebe oksijeni. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji chochote zaidi ya maziwa ya mama, na wa chini ya mwaka mmoja asipewe kinywaji chenye asali.

Kwa mwenye asubuhi za haraka kuna njia bora kuliko kuhifadhi juisi. Saga gramu 300 za majani yaliyochovywa pamoja na mililita 300 za maji, mimina kwenye trei ya barafu, gandisha. Kitundu cha mililita 30 kinakuwa na gramu 15 za majani, basi vipande vinne ni sawa na kipimo cha juisi yetu ya glasi mbili. Vitoe kwenye trei, viweke kwenye mfuko uliofungwa vizuri, vinakaa miezi miwili bila kupoteza ladha. Asubuhi viache dakika 10 vilegee, ongeza maji mililita 190 na matunda, na kazi ngumu ilikwishafanyika Jumapili. Hata umeme ukiwa wa mgao, unahitaji dakika moja tu ya blenda. Pasipo umeme kabisa, majani yaliyochovywa yanatwangika vizuri kwenye kinu na chembe ya chumvi, kisha yanachanganywa na ndizi iliyopondwa. Yatakuwa na chengachenga, lakini si mabaya.

Sasa onyo ambalo tungependa lisomwe hata na asiyesoma sehemu nyingine ya barua hii. Watu wakishasikia majani mabichi yanasagwa, wanajaribu kila jani. Kisamvu kisisagwe kikanywewa kibichi, hata kidogo. Kina viini ambavyo jani likipasuka vinaachia sianidi, na blenda inapasua jani kwa ukamilifu kuliko mchi. Bibi zetu wanakitwanga na kukichemsha muda mrefu sufuria ikiwa wazi kwa sababu sumu ile inaondoka na mvuke. Mnavu nao ni wa kupika. Spinachi yetu ya sokoni na mchicha haviui, lakini vina oksaleti nyingi, na mwenye historia ya vijiwe vya figo asivifanye kinywaji cha kila siku. Sukuma ina oksaleti kidogo sana, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuichagua.

Wapo pia ambao hata sukuma inawataka watahadhari. Anayetumia wafarini kuzuia damu kuganda asianze wala kuacha juisi hii ghafla, kwa sababu vitamini K iliyomo inapingana na dawa, na kliniki humpangia dozi kulingana na mlo wake wa kawaida. Aliyeambiwa apunguze potasiamu kwa ajili ya figo aulize kabla ya glasi ya kwanza. Mwenye shida ya tezi ya shingo atumie majani yaliyochovywa badala ya mabichi, na chumvi yake iwe ile yenye madini joto. Mwenye kisukari aondoe nanasi, aweke tango gramu 150 na nusu ndizi, na bado apime sukari yake aone. Balungi tumeliacha nje ya barua hii kwa makusudi, kwani linaongeza nguvu ya baadhi ya dawa za presha na za kushusha mafuta ya damu.

Na tafadhali, isiitwe dawa ya kusafisha damu. Damu inasafishwa na ini na figo mchana na usiku bila kungoja blenda. Juisi hii ni mboga na tunda ndani ya glasi, na inamsaidia mtu kuzifikia zile gramu 400 za mboga na matunda zinazoshauriwa kwa siku. Inywewe na chakula, na chai ya rangi isiifuate papo hapo, kwa kuwa inazuia madini ya chuma ya majani.

Ombi letu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba ukurasa wa mapishi utakapochapa tena juisi ya kijani, usiandike "majani kiasi" na "matunda upendayo". Andikeni gramu na mililita. Andikeni kwamba maji na majani vinasagwa kwanza, peke yake, kwa dakika mbili. Onyo la kisamvu likae juu ya vipimo, kwa herufi nene.

Wasomaji wenu,
Morogoro